Taa za reli, vumbi la kwetu Songwa

Jumamosi, saa 3 usiku, hosteli

Mwenzenu nilipotea kidogo, si mnajua mambo ya testi na zile kazi za vikundi ambazo wanafanya watu wawili halafu majina yanaandikwa nane. Leo umeme umekatika tangu saa 1 jioni na hapa naandika kwa chaji iliyobaki. Jamaa wa chumba cha pili ametoa chemli, sijui aliitoa wapi zama hizi, akaining'iniza koridoni. Utambi umekatwa vibaya, kioo kina masizi, yaani inaonekana kama kitone cha rangi ya chungwa tu. Nimeitazama weeee, mwisho nikamkumbuka babu mmoja wa nyumbani. Nikasema basi, ile mada niliyokuwa naichimba maktaba tangu mwezi uliopita naiandika leo leo.

Kwa wasiopajua kwetu: Songwa iko wilaya ya Kishapu, Shinyanga, jirani na Maganzo na mgodi wa almasi wa Mwadui. Watu wakisikia Shinyanga wanawaza almasi na dhahabu, lakini kwetu reli ndiyo iliyotangulia. Waingereza walikamilisha njia ya kutoka Tabora hadi Mwanza mwaka 1928, na Williamson alikuja kugundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Ni nchi ya mbuga, udongo mweusi, tambarare hadi macho yachoke. Ukungu ule wa kwenye sinema za Uingereza hatuna. Sisi tuna vumbi la kiangazi, moshi wa nyasi zikichomwa, halafu Novemba inakuja mvua inayopiga mpaka huoni zizi la jirani.

Sasa huyo babu si babu yangu wa damu, ila mtaa mzima tunamwita babu. Alifanya kazi reli tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaendelea baada ya jumuiya kuvunjika 1977. Hakuwa stesheni masta wala dereva. Kazi yake ilikuwa taa: kujaza mafuta, kukata utambi, kufuta vioo, kupanda ngazi ya mlingoti jioni na kushuka. Siku moja tukiwa wadogo alituuliza, "Nyie watoto, treni inakuja usiku, pale ambapo taa huwa ipo, leo hakuna kitu. Giza. Dereva afanye nini?" Tukajibu kwa pamoja, apite polepole, maana hajaona nyekundu. Babu akacheka hadi akakohoa. "Mshaua watu nyie. Asimame! Taa iliyozimika ndiyo nyekundu yenyewe."

Mimi nilidhani ni maneno ya wazee tu. Na niseme ukweli, nilikuwa na kinyongo na jambo hilo, kwa sababu niliwahi kukaa ndani ya treni iliyosimama usiku nje ya kituo kimoja (sikitaji) mvua ikinyesha, mama amembeba mdogo wangu ana homa, abiria wanamtukana dereva: kwa nini haendi wakati mbele hakuna kitu? Tulikaa mpaka akaja mtu anatembea juu ya mataruma na kandili mkononi. Nimesoma historia ndipo nikaelewa kwamba yule dereva tuliyemtukana alikuwa anafuata kanuni iliyopatikana kwa maiti.

Tuanze mwanzo. Reli zilipoanza Uingereza hakukuwa na taa za maana. Alisimama mtu kando ya njia na bendera mchana, na kandili usiku. Mwaka 1841 makampuni ya reli yalikutana Birmingham kukubaliana lugha moja ya rangi: nyekundu ni hatari, kijani ni tahadhari, na nyeupe ni pita. Mnaona mtego ulipo? Taa yoyote ya mafuta ni "nyeupe" kwa asili yake. Nyekundu unaipata kwa kuweka kioo chekundu mbele ya moto huohuo. Kioo kikipasuka na kudondoka, ile taa iliyokuwa inasema simama sasa inasema pita, na inasema kwa mwanga mkali kuliko mwanzo. Halafu taa ya nyumba ya mtu ng'ambo ya reli nayo ni nyeupe. Yaani ubovu wote, na bahati mbaya zote, zilikuwa zinaangukia upande wa "endelea".

Kosa la pili lilikuwa la mazoea. Reli nyingi ziliacha mikono ya ishara ikae kwenye "pita" muda wote, na kuigeuza kuwa "simama" pale tu ikihitajika. Tarehe 21 Januari 1876, mahali panapoitwa Abbots Ripton, kulikuwa na dhoruba ya theluji. Theluji ikaganda kwenye mikono na kwenye nyaya za kuivutia. Mfanyakazi kwenye kibanda alivuta wenzo wake kulinda treni ya makaa iliyokuwa inapishwa pembeni, akaamini ameweka hatari. Kule nje mkono haukurudi, taa ikaendelea kuonyesha nyeupe. Treni ya haraka iliyotoka Scotland ikaigonga ile ya makaa, kisha treni nyingine ya haraka, iliyokuwa inaelekea Leeds, ikaja kuyavaa mabaki. Zaidi ya watu 10 walikufa. Madereva hawakuwa wazembe. Waliiona taa, wakaisoma sawasawa, na taa ilikuwa inasema uongo.

Baada ya hapo mambo yakageuzwa juu chini. Ishara ikawa inakaa kwenye hatari, na kuruhusu ndiyo kukawa tukio la pekee. Miaka ya 1890 Waingereza wakaachana na nyeupe, kijani kikapandishwa cheo kuwa "pita". Ikawa nyeupe mahali pa ishara maana yake kuna kioo kimevunjika, na giza maana yake kuna taa imezimika, na vyote viwili dereva anavichukua kama hatari. Kwa hiyo swali la babu lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 100 alipotuuliza, na sisi tulilijibu kama watu wa 1841.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, maana kitu hiki kilinifurahisha. Kile kioo cha "kijani" cha taa za mafuta, ukikishika mkononi mchana, kinaelekea buluu! Moto wa mafuta ya taa ni wa manjano, hauna buluu ya kutosha, kwa hiyo waliweka kioo chenye ubuluu ili mchanganyiko utoke kijani. Babu alithibitisha. Alisema mgeni akipewa kioo cha akiba anadhani ameletewa cha makosa.

Nguvu ya taa zenyewe ilikuwa ndogo ajabu, haizidi sana mshumaa. Kilichoziokoa ni lenzi. Mfaransa Augustin Fresnel, miaka ya 1820, alitengeneza lenzi ya duara duara kwa ajili ya minara ya baharini, inayokusanya mwanga unaopotea pembeni na kuutupa mbele kama kamba moja. Taa ya reli inatumia akili hiyohiyo. Ila kuna tofauti kubwa na mnara wa bahari. Pale kisiwani Chumbe, Zanzibar, kuna mnara uliojengwa 1904 na kuwekewa mtambo wa gesi mwaka 1926. Mnara ule unamwambia nahodha neno moja tu: mimi ni Chumbe. Nahodha akiuona, shida yake imekwisha. Dereva wa treni akiiona taa, shida yake ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu taa ileile mahali palepale inaweza kuwa na maneno mawili yanayopingana. Kuona taa ni jambo moja na kuisoma ni jambo lingine.

Na jicho letu lina vituko hapo. Taa ya kijani ikiwa hafifu sana, kwanza unaona kitone tu kisicho na rangi, na mpaka ikaribie ndiyo unajua ni kijani. Nyekundu haifanyi hivyo: ikishaonekana, karibu papo hapo imeonekana kwa rangi yake. Halafu kuna imani kwamba nyekundu "inapenya ukungu". Hata mimi nilifundishwa hivyo sekondari. Ukweli ni nusu nusu. Matone ya ukungu ni makubwa yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo yanatawanya rangi zote karibu sawa, nyekundu haipati upendeleo. Lakini moshi mwembamba ni habari nyingine, wenyewe unatawanya zaidi buluu. Ndiyo maana jua letu la Septemba, nyasi zikiwa zinachomwa, linazama jekundu kama kaa la moto na unaweza kulitazama bila kufumba macho. Moshi unaweza kuifanya nyeupe ionekane na wekundu, lakini hauwezi kuifanya nyekundu ionekane kijani. Kosa likitokea, linatokea upande wa kusimama.

Wengine mtasema, si waweke taa kali tu? Nilidhani hivyo. Mwaka 1876, mwaka uleule wa Abbots Ripton, mhandisi wa minara wa Kifaransa aitwaye Émile Allard aliandika kanuni ya masafa ya taa. Nikaipigia hesabu yangu mwenyewe nyuma ya desa (mwenye desa anisamehe). Kwenye hewa safi kabisa, ukiizidishia taa nguvu mara 10, inaonekana umbali mara 3 na kidogo zaidi. Sasa chukua hewa chafu, ambamo kitu cheusi hakionekani kikiwa zaidi ya mita 200, na taa yako inaonekana mwisho mita 500. Izidishie nguvu mara 10 hiyohiyo. Unapata mita 620 na kitu. Mita 120! Treni nzito ikiwa kwenye kilometa 50 kwa saa inakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo umeteketeza mafuta mara kumi kununua sekunde 9. Vumbi linakula mwanga kwa kila hatua, na halishibi. Tena taa ikizidi ukali kwenye ukungu, inautia weupe ule ukungu wenyewe unaoizunguka, ikawa wingu linalong'aa.

Kwa hiyo watu wa reli walijua mapema kwamba kuna usiku ambao jicho halitoshi. Fataki za reli zilikuwepo tangu 1841: kikopo kidogo chenye baruti kinafungwa juu ya reli, gurudumu likikikanyaga kinalipuka, dereva anasikia. Siku za ukungu Uingereza walitoa watu kusimama chini ya kila mlingoti wa maana, na kandili na fataki, kumsikilizisha dereva kile asichokiona. Mtu mzima anakaa usiku kucha kwenye baridi kutafsiri taa!

Na bado jicho lenyewe linaweza kuwa na kasoro. Novemba 1875 treni mbili ziligongana Lagerlunda, Sweden, watu 9 wakafa, na profesa wa Uppsala, Frithiof Holmgren, akahoji kama wahusika walikuwa wanatofautisha rangi kweli. Akatengeneza kipimo cha nyuzi za sufu: unapewa fungu, unaambiwa chagua zinazofanana na hii. Wasomi wa siku hizi wanatilia shaka kama upofu wa rangi ndio uliosababisha ajali ile, lakini kipimo kikaenea dunia nzima. Babu anasema naye alipimwa rangi alipoajiriwa, na kuna kijana waliyekwenda naye alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo akiwa haamini kwamba maisha yake yote alikuwa anaona tofauti na wenzake.

Ajali iliyonikalisha kimya ni ya Harrow, London, tarehe 8 Oktoba 1952, saa 2 na dakika 19 asubuhi. Ukungu wa mabaka mabaka, sehemu wazi sehemu umefunga. Treni ya usiku kutoka Perth ilipita taa ya tahadhari, ikapita ishara mbili za hatari, ikaigonga treni ya wafanyakazi iliyosimama kituoni, kisha treni ya tatu ikaja upande wa pili ikagonga zote. Watu 112 wakafa. Taa zilikuwa zinafanya kazi, zinasema kweli, na zile kanuni zote za tangu 1876 zilifuatwa. Dereva alikufa, hakuna aliyeweza kumuuliza aliona nini. Miaka mitano baadaye, Desemba 1957, ukungu tena, Lewisham, watu 90. Reli moja ya Uingereza ilikuwa na kifaa cha kumpigia dereva kengele au honi ndani ya kichwa cha treni tangu 1906. Nyingine zilisema ni gharama. Baada ya Harrow ndipo kazi ya kukieneza ikaanza kwa nguvu.

Turudi kwetu. Kwenye reli za njia moja kama hii ya Mwanza, taa haijawahi kuachiwa kazi yote. Treni mbili zikielekeana kwenye njia moja, kosa moja la jicho linatosha. Ndiyo maana kuna utaratibu wa dereva kupewa mkononi kibali cha kipande cha njia kilicho mbele yake kabla ya kuondoka kituoni. Kibali cha mkononi hakijali vumbi. Hata hivyo taa na cheti vinajua tu kile wanachokijua waliovitoa. Mwishoni mwa Januari 1993, usiku wa mvua, treni ya Mombasa kwenda Nairobi ilifika mto Ngai Ndethya ikakuta mafuriko yamechukua daraja. Walikufa watu zaidi ya 100. Taa gani ingewaambia?

Sasa kilichonifanya nichimbe haya yote ni jambo dogo lililonitokea likizo iliyopita. Nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda, magharibi, upepo umechachamaa, lori limetupita na kutuachia vumbi lote. Tukafika mahali barabara ya vumbi inapokatiza reli. Kibao kipo, cha kung'aa kikipigwa na taa, ila kimepakwa vumbi mpaka kimekuwa rangi ya ardhi. Dereva wa boda hakukiona na mimi sikukiona. Tulichokisikia ni reli zenyewe zikitugonga matako, dug dug, tukawa tumeshavuka. Treni haikuwepo. Yule kijana akasema "kumbe hapa ndo relini" halafu akaendelea na stori yake ya Simba na Yanga.

Mimi usiku ule sikulala vizuri. Kibao kama kile kinaazima mwanga wa taa yako, kikichafuka kinanyamaza, na kimya chake barabarani tunakisoma kama "hakuna kitu, pita". Ni ile sheria ya 1841 kabisa, nyeupe ni pita! Treni ikikuta giza mahali pa taa inasimama kwa sababu dereva anajua kwamba pale panatakiwa kuwa na taa, amefundishwa njia, kila mlingoti anaujua. Sisi wa boda na mabasi hatujui kibao kilitakiwa kuwa wapi, kwa hiyo hatuwezi kukikosa. Na tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku kucha, sikatai, hata mimi napanda, ila nikifika makutano na reli siku hizi naamka.

Nilimpigia babu wiki hii. "Mwadila babu." "Mwadila mjukuu wangu, umekumbuka wazee leo?" Nikamsimulia habari za treni ya umeme ya Dar na Dodoma iliyoanza 2024, kwamba dereva anaonyeshwa mwendo anaoruhusiwa kwenye kioo ndani ya chumba chake, nje hata kukiwa na vumbi la namna gani. Nikamwambia na kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilichoanza kujengwa 2021, kinapita mkoa wetu. Alinyamaza kidogo nikadhani simu imekata.

"Na hicho kioo kikizimika?"

Nikamwambia mifumo ya namna hiyo inapangwa hivi kwamba mawasiliano yakipotea, treni inafunga breki yenyewe.

"Haya," akasema. "Vioo anafuta nani?"

Sikuwa na jibu. Nimeahidi kumuulizia. Kama kuna mdau anasoma uhandisi wa reli aniandikie hapo chini, mzee anasubiri na mimi chaji imebaki asilimia 6.